Nyumba ya Kuonyeshwa Wanunuzi

Mkunga alitamka neno moja tu, "Haya," na kwa neno hilo nyumba yake ikaingia sokoni.

Alilitamka akiwa amelala chali hospitalini, nyonga imepata ufa, wanawe wawili wamesimama kila mmoja upande wake wa kitanda. Alikuwa ameteleza bafuni asubuhi, akabaki pale chini kwenye maji ya baridi mpaka jirani yake wa ukuta mmoja alipojiuliza mbona leo kimya, akaja kugonga. Mwanawe mkubwa, ambaye tangu utotoni aliitwa Mwenyekiti kwa sababu hata mchezo wa kujificha aliufungua kwa hotuba, alikuwa ameshakata shauri. Mama hawezi kukaa peke yake tena. Nyumba iuzwe, mama ahamie kwake ghorofani.

"Hatukulazimishi, mama," alisema. "Lakini ukianguka tena, nani atajua?"

Mwanamke huyu alikuwa amezalisha nusu ya watoto wa mtaa ule. Miaka yote ya kazi alibishana na wanaume waliofika leba na amri zao mdomoni, na hakuna aliyemshinda. Siku ile dawa za maumivu zilikuwa zimemlegeza ulimi. Alitazama dari, akasema haya, na Mwenyekiti akamshika mkono kwa furaha kama mtu aliyefunga mkutano mapema.

Kazi ya kuiandaa nyumba iuzike aliangukiwa nayo kitindamimba, Chiriku. Jina hilo alipewa kwa kuwa tangu alipoanza kusema hakuwahi kunyamaza. Kupamba nyumba za watu ndiyo ilikuwa riziki yake, ndani na nje, kuanzia sebule hadi bustani. Wateja wake walikuwa watu wenye nafasi, watu wa kubadilisha sura ya nyumba kila msimu unapogeuka: masika yana mapazia yake, kipupwe kina mito yake, kiangazi kina viti vyake vya uani. Mama yake hakuwahi kuielewa sawasawa kazi hiyo, ila alijivunia binti aliyelipwa kwa kuwa na jicho zuri.

Chiriku aliingia na gari la mizigo mvua za masika zilipoanza kupiga. Mkunga alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea na mkongojo. Alikaa kwenye kochi lake la siku zote, lenye vitambaa alivyovifuma mwenyewe, akaangalia vijana wa gari wakibeba kila kitu kuelekea nyuma. Kabati la vyombo vya kioo likapita. Redio ikapita. Mwishowe wakaja wakasimama mbele yake kwa adabu, wakingoja ainuke ili na kochi lipite.

Kilichomuuma zaidi ni ukuta wa korido. Pale alikuwa amebandika picha za watoto aliowazalisha, ambazo wazazi walimletea kwa miaka mingi: wengine wamefungwa kama mikate, wengine wameshavaa sare za shule. Chiriku alizibandua moja moja, taratibu, akaziweka kwenye boksi.

"Usikasirike, mama. Mnunuzi akiingia lazima ajione yeye humu ndani. Akikuta sura za watu ukutani anajiona mgeni."

"Na mimi nitajiona wapi?"

Chiriku akacheka, akidhani ni utani, akaendelea kubandua.

Ikawa hivyo. Kuta zikapakwa rangi ya maziwa. Mkabala na dirisha la sebule kikawekwa kioo kikubwa, ili mwanga haba wa siku za mvua uingie mara mbili. Mlangoni likatandikwa zulia nene la mkonge la kufutia matope, na kando yake chombo kirefu cha shaba cha kusimamishia miavuli. Kochi jipya lilikuwa jeupe, jeupe pe, na meza ikapata bakuli la malimau ambayo hayakuwa ya kuliwa. Mkunga mwenyewe akahamishiwa chumba cha nyuma, ambako marehemu mumewe alikuwa akiweka vyombo vyake vya kazi. Kitanda kilienea kwa shida kati ya maboksi. Akilala, akigeuka upande wa kulia anakutana na kabati la vyombo. Akigeuka wa kushoto, miguu ya kochi lake imetazama juu.

Masharti nayo yakawa mengi. Asikaange vitunguu siku ya wageni. Taulo nyeupe za bafuni ni za kutazamwa. Kochi jeupe lisikaliwe, labda kwa shughuli maalumu, na shughuli yenyewe haikuwahi kutajwa. Siku moja alichukua limau moja akakamulia chai, na jioni Chiriku akasimama juu ya bakuli kama askari wa zamu.

"Mama, mbona limepungua?"

"Nilikuwa na mafua."

Kesho yake malimau halisi yakaondoka, yakaja ya plastiki. Jirani, asiye na habari, alipita kusalimia, akalichukua moja kwa bashasha ajikatie, kisu kikazama nusu kikakwama. Alikivuta, akakivuta, limau likang'ang'ania kisu kama kupe. Wawili wale walicheka mpaka wakashikana mabega, machozi yakiwatoka. Mkunga alikumbuka kicheko kile baadaye, maana hakukipata tena.

Wanunuzi walikuja. Walifuta miguu, walisimamisha miavuli, wakasifu kioo. Kisha walitazama juu, kwani paa lilivuja kwenye kona moja, na maji yalikuwa yamechora doa la kahawia juu ya rangi mpya. Chiriku alilipaka doa, likarudi. Akalipaka tena. Kila mtu aliyeingia macho yake yalienda palepale, kama kwamba ameambiwa. Masika yakaisha, nyumba haikupata mtu.

Upepo wa kipupwe ulipoanza kuuma, Chiriku aliivua nyumba nguo, akaivika nyingine. Mapazia mepesi yakashuka, yakapanda mazito ya rangi ya kutu. Mito ya rangi ya haradali ikamwagwa kila mahali, blanketi la sufu likaning'inizwa begani mwa kochi kwa ufundi wa kuonekana limetupwa tu. Barazani akapanga viti vya fito kuzunguka jiko kubwa la udongo, na pembeni kuni zilizokatwa urefu mmoja, safi, ambazo hakuna aliyeruhusiwa kuziwasha. Mkunga alikuwa akisikia baridi kwenye nyonga. Alipita mbele ya jiko lile na mkongojo wake, akalitazama, akarudi chumba cha nyuma kujifunika koti.

Dalali aliyepewa nyumba alikuwa mtu wa viatu vinavyong'aa na maneno laini. Alishauri kwamba wanunuzi wakija, mama asiwepo. "Wakimwona mzee wanaingiwa na aibu," alieleza. "Wanashindwa kusema la moyoni. Na biashara bila la moyoni haiendi." Kwa hiyo simu ikilia, Mkunga alijikokota kwa jirani akakaa huko mpaka aitwe. Lakini siku moja jirani alikuwa amesafiri, na dalali akafika kabla ya wakati na mume na mke, mke mjamzito wa kama miezi saba. Wakamkuta Mkunga sebuleni, amesimama katikati ya chumba, ameshika lile blanketi la sufu.

Dalali hakubabaika hata kidogo. "Huyu ndiye anayetunza nyumba," akasema. "Anaiangalia angalia mpaka ipate mwenyewe. Bibi, hebu watembeze wageni."

Mkunga alifungua mdomo. Akamwona yule mwanamke anavyotazama madirisha kwa macho ya mtu anayepanga pa kuweka kitanda cha mtoto. Akaufunga. Akaliweka blanketi alipolitoa, akawatembeza. Hapa jikoni. Hapa chumba cha watoto. Sauti aliyoitumia hakuijua.

"Mwenye nyumba yuko wapi?" mwanamke akauliza walipofika korido.

"Ameondoka."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Alikuwa akiishi tu, mwanangu."

Mtoto alicheza tumboni, na mwanamke akaguna na kujishika. Mkono wa Mkunga ukainuka wenyewe kwenda tumboni kwa mgeni, kama ulivyoinuka mara zisizo na idadi. Mwanamke akarudi nyuma hatua moja. Hakufanya kwa ubaya. Alifanya kama mtu yeyote angefanya mlinzi wa nyumba asiyemjua akitaka kumgusa tumbo, na akatabasamu ili asimvunjie heshima. Mkunga akaurudisha mkono mfukoni mwa koti. Angeweza kusema mimi ni mkunga, ukuta huu ulikuwa umejaa watoto. Ukuta ulikuwa mtupu, rangi ya maziwa. Nani angeamini?

Jioni alimsimulia Chiriku. Chiriku akashika kiuno, akasema dalali hana haya hata chembe, atampigia simu sasa hivi amtolee uvivu. Akaitoa simu. Halafu, kabla ya kubonyeza, akauliza:

"Lakini mama, walionekana kuipenda?"

"Waliipenda sana," Mkunga akasema. Wale watu hawakurudi.

Uani, nyuma ya tangi la maji, kulikuwa na mkarakara, mmea wa matunda ya pesheni. Mumewe aliupanda mwaka aliostaafu, akautandazia nyaya mpaka ukafanya paa la majani, na chini yake akaweka benchi. Mwaka aliougua hakutaka kulala ndani mchana. Walimtoa na mto wake, akakaa pale, matunda yakining'inia juu ya kichwa, na Mkunga akimkatia moja wakati mdomo ulipokuwa haukubali kitu kingine. Tangu nyumba ibadilishwe, pale ndipo palikuwa pake pekee. Asubuhi alikwenda na kikombe chake. Hakukuwa na mto wa kuharibu wala zulia la kuchafua.

Kiangazi kilipoingia, Mwenyekiti alimchukua kumpeleka kliniki kupimwa nyonga. Waliporudi, Chiriku aliwapokea getini, amemfumba mama macho kwa viganja kama mtoto anayecheza, akamwongoza mpaka uani. Alipofumbua, mwanga ulimpiga usoni.

Palikuwa pazuri. Hilo hata yeye hakuweza kulikataa. Turubai jeupe lilikuwa limevutwa juu kama tanga, chini yake meza ya duara na viti vya kamba. Kokoto nyeupe zilitandazwa njia nzima. Vyungu vilivyopakwa chokaa vilipangwa vikubwa nyuma vidogo mbele, vimejaa maua mekundu na ya manjano, na taa ndogondogo zilizungushwa kwenye nguzo. Chiriku alisimama katikati, mikono ina udongo, uso unang'aa, akingoja kusifiwa.

"Mkarakara uko wapi?"

"Ulikuwa unaleta giza, mama. Na majani yangedondokea mezani. Siku hizi watu wanataka uani paonekane kama chumba kingine cha—"

"Baba yako aliupanda."

"Najua." Sauti ya Chiriku ikashuka. "Ndiyo maana nimeukata wakati hupo."

Mwenyekiti akakohoa, akasema kusema kweli pamependeza, nafasi imeonekana. Mkunga akazunguka tangi na mkongojo wake. Matawi yalikuwa yamerundikwa kwenye ukuta, majani yameanza kulegea, na matunda bado yameshikilia, ya kijani, magumu. Aliinama kwa shida, nyonga ikilia, akaanza kuyachuma na kuyatia kwenye upindo wa gauni. Aliyapanga chumbani juu ya boksi, akingoja yaive. Hayakuiva. Yalisinyaa, yakawa mepesi, na alipolitikisa moja hakusikia kitu ndani.

Baada ya hapo alinyamaza. Hakununa, kununa kuna mwisho wake. Alizungumza akiulizwa, akala akipewa. Siku moja Chiriku alikuwa jikoni akipangilia chupa za kioo dirishani, Mkunga akachungulia mlangoni, akasimama nje ya kizingiti.

"Samahani," akasema. "Naweza kuchukua maji?"

Chupa ilimponyoka Chiriku. Hakuyaokota mapande. Alimtazama mama yake, na yeye Mkunga akagundua alilosema, akaona kwamba hakulisema kwa kejeli. Lilitoka lenyewe, kama linavyomtoka mgeni kwenye nyumba ya watu.

"Mama, nifanyeje?" Chiriku alikuwa analia. "Sema neno moja tu, niache. Nirudishe kila kitu. Nitaongea mimi na kaka."

Hapo ndipo angeweza kusema. Alikaa sana baadaye akijiuliza kwa nini hakusema. Kurudisha kila kitu ni kurudisha nini? Mume hayupo, mkarakara hauungiki, na bafu ni lilelile. Tena Mwenyekiti alishamtengea chumba, mkewe alishanunua kitanda. Alihisi amechoka mpaka kwenye kucha.

"Malizia kazi yako," akasema. "Umeshafika mbali."

Vuli ikaja na mvua zake fupi, na dalali akapiga simu kwa sauti ya pekee. Safari hii mnunuzi ni mwenyewe hasa, mtu wa kampuni, asiye na longolongo. Chiriku akajitia kazini kama mtu anayefanya mtihani wa mwisho. Alileta mimea ya majani mapana akaipanga barazani ngazi kwa ngazi, mito ya kijani kibichi, mikeka mipya, majani ya mchaichai yakachemshwa jikoni ili nyumba nzima inukie. Doa la kona ya dari alilifunika kwa kikapu chenye mmea unaoning'inia, na kwa mara ya kwanza halikuonekana. Mkunga alimwangalia kutoka chumba cha nyuma na kufikiri, bila uchungu, kwamba nyumba hii haijawahi kupendeza hivi. Hata siku ya harusi ya Mwenyekiti. Kama angepita njiani leo asiijue, angesimama aitazame, angewaonea wivu wanaoishi humo.

Mnunuzi alifika na buti za mpira na kijana wa kushika futi ya kupimia. Hakuingia. Walipita pembeni ya nyumba, wakapima ukuta mmoja, wakapima wa pili. Futi iliburutwa juu ya kokoto, ikaangusha chungu kimoja, hakuna aliyegeuka. Chiriku akatoka barazani, ameshika mto wa kijani.

"Karibu ndani, mkubwa. Karibu uone."

"Hapana, dada. Hapa panatosha."

"Hata sebule tu. Dakika moja."

"Sebule ya nini?" Mnunuzi alisema bila dharau, kama mtu anayeeleza jambo linalojulikana. "Hii tutaivunja. Sisi tunataka kiwanja, tujenge maghala. Ningejua mnapata shida hivi ningewaambia kwenye simu."

Akageukia dalali, wakaanza kuzungumza mambo ya njia ya malori. Mkunga alisikia yote. Dirisha lake lilikuwa hatua chache tu kutoka walipokuwa wamesimama. Alingoja maumivu yaje. Badala yake ulikuja utupu, na kelele za mvua nyepesi juu ya paa.

Walipoondoka alitoka. Alimkuta Chiriku amekaa kwenye kochi jeupe, viatu vina matope, matope yamepaka kitambaa, mto bado umebanwa kifuani. Mkunga akaenda akakaa kando yake. Tangu kochi lile liingie ndani, ndiyo siku ya kwanza kulikalia.

"Mama, ningekuacha ukae," Chiriku alisema. Maneno yalikuwa yanamtoka kwa vipande. "Mwaka mzima ungekaa hapa. Ungekaanga vitunguu vyako. Baba… ule mti… mama, ungekaa tu."

Mkunga aliijua kazi iliyokuwa mbele yake. Maisha yake yote aliifanya: kukaa ukingoni mwa kitanda cha mwanamke aliyezaa na kutoka mikono mitupu, na kumtafutia neno. Siku zote lilipatikana. Dogo, la kawaida, ila lilipatikana. Akalitafuta sasa kwa ajili ya mwanawe wa tumbo lake. Alitafuta kweli. Hakukuta kitu. Akakaa, mikono juu ya mapaja, akimsikiliza akilia, mpaka giza la mvua likajaa chumbani na hakuna aliyeinuka kuwasha taa.

Walihama kabla vuli haijaisha. Mwenyekiti alisimamia upakiaji kwa mpangilio mzuri. Jirani alishikilia mlango wa gari, akamfunga Mkunga kifungo cha koti kilichokuwa kimeshafungwa. Nyumba ilivunjwa wiki zilezile. Mwenyekiti alipita akaona, akaja kusimulia mezani, mkewe akamkanyaga mguu, akageuza mazungumzo.

Ghorofani hawakumtendea ubaya wowote. Mkwewe alikuwa mtu mwema, alimwita mama kwa moyo, alimwekea mkeka wa kuzuia utelezi bafuni. Chumba kilikuwa na kitanda, kiti, na dirisha moja lililotazama ghorofa jingine.

Chiriku alikuja siku moja na vipande vya vitambaa begani, vya kila rangi, akavitandaza juu ya kitanda. Alikuwa amekonda. Hakuwa amepokea kazi ya mteja yeyote tangu wakati ule, ingawa hilo hakulisema. Mkwe ndiye aliyemnong'oneza Mkunga.

"Nataka nikushonee pazia, mama. La kwako wewe. Chagua."

Mkunga alivitazama. Alijua binti yake anaomba nini, na alitamani kumpa. Akapitisha kidole juu ya kitambaa cha bluu, kisha cha maji ya kunde, akijaribu kukumbuka ni rangi gani aliyokuwa akiipenda.

"Chochote," akasema. "Vyote ni vizuri."

"Basi hata kimoja tu uniambie unakipenda."

"Chiriku, mwanangu. Sikioni."

Mkwe akawaita kwenye chakula. Chiriku alikunja vitambaa kimoja kimoja, akalainisha kila mkunjo kwa kiganja, akatoka navyo. Mkunga alisema hana njaa. Wakamletea sahani chumbani, wakaiweka juu ya kiti. Ng'ambo ya dirisha mtu fulani alikuwa anaanika mashati kwenye kibaraza chake, anayakung'uta, anayabana, na Mkunga akamtazama mpaka alipomaliza na kuingia ndani, na chakula kikapoa pale kitini.